Wachezaji wa ridhaa wa besiboli waliokufa vitani: safari ya Agosti kutoka Tokyo hadi Kanoya

Mchezaji wa kulipwa wa Japani aliyekufa katika Vita vya Pili vya Dunia ameacha takwimu. Ana idadi ya michezo aliyocheza, klabu iliyotunza jina lake na mara nyingi sanamu mahali fulani. Mchezaji wa ridhaa, yule wa sekondari au chuo kikuu, ameacha orodha ya timu ya shule na picha moja ya pamoja. Wengi walizama baharini au wakaachwa katika nchi za mbali, hata kaburi lao nyumbani halina mifupa. Kwa hiyo anayewatafuta Japani asianzie makaburini. Aanzie viwanjani na shuleni, kwa sababu huko ndiko alama zao ziliko. Njia hii inakwenda magharibi kwa siku nane, na tarehe zake zimepangwa ili mchana wa Agosti 15 ukukute Koshien, uwanja wa mashindano ya besiboli ya shule za sekondari.

Agosti 12. Tokyo, Suidobashi

Ukishuka kituo cha Suidobashi ni mwendo wa dakika chache tu hadi Tokyo Dome. Tafuta Lango la 21. Pembeni yake lipo jiwe liitwalo Chinkon no Hi, lililosimamishwa 1981 kwenye uwanja wa zamani wa Korakuen, kisha likahamishiwa hapa. Majina yaliyochongwa ni ya wachezaji wa kulipwa. Yumo Sawamura Eiji, ambaye mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 17, aliwatoa Babe Ruth na Lou Gehrig kwa kukosa mpira mara tatu. Alikufa Desemba 1944 meli iliyombeba ilipozamishwa. Yumo pia Yoshihara Masaki, mdakaji wa timu ya Giants, aliyekufa Burma mwaka 1944. Msomaji wa Afrika Mashariki asimame kidogo kwenye jina hilo, maana mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa ikipigana na Wajapani hukohuko Burma, katika bonde la Kabaw.

Wageni wengi hupiga picha hapa wakaondoka wakidhani wamemaliza. Wa ridhaa hawamo katika jiwe hili. Majina yao yako ndani ya jumba la makumbusho ya besiboli, ambalo mlango wake uko hapohapo karibu na Lango la 21, kwenye kumbukumbu iliyofunguliwa 2005 kwa ajili ya wachezaji wa shule, vyuo na timu za makampuni. Jumba kwa kawaida hufungwa Jumatatu na saa zake hubadilika kulingana na ratiba ya michezo, kwa hiyo angalia kalenda yao kabla ya kukata tiketi ya ndege. Ukienda jioni ya mchezo mkubwa utabanwa na umati langoni. Asubuhi ni bora.

Kazi ya siku ya kwanza ni kunakili majina, na hapo ndipo watafutaji wengi hukosea. Jina la Kijapani likiandikwa kwa herufi za Kichina linaweza kusomwa kwa njia mbili au tatu, na anayelinakili kwa herufi za Kilatini peke yake atakuja kumtafuta mtu asiyekuwepo. Andika herufi zenyewe, au zipige picha pale inaporuhusiwa. Kisha andika shule, chuo, mahali alipofia na tarehe. Shule ndiyo ufunguo, lakini nayo ina mtego wake. Kabla ya mageuzi ya elimu ya 1948, sekondari ya zamani ilikuwa ya miaka mitano, kwa watoto wa kuanzia miaka 12. Baada ya mageuzi shule nyingi zilibadilishwa majina, nyingine zikaunganishwa. Ukiuliza kwa jina la 1939 utaambiwa shule hiyo haipo, kumbe ipo mtaa uleule kwa jina jingine.

Tarehe ya kifo nayo ishike kwa uangalifu. Meli ikizama usiku na watu wake wote, ofisi za jeshi huweka siku ambayo mawasiliano yalikatika. Cheo nacho kinaweza kuwa kile alichopandishwa baada ya kufa, kwani marubani wa mashambulizi ya kujitoa mhanga walipandishwa ngazi mbili. Usishangae kumbukumbu ya shule ikimwita kwa cheo kimoja na ya jeshi ikamwita kwa kingine.

Agosti 13. Waseda na Jingu

Panda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Tozai ushuke Waseda, kisha tembea hadi Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Waseda. Jengo hili lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo ulikuwepo uwanja wa Totsuka, baadaye ukiitwa uwanja wa Abe, uliotumika hadi 1987. Sanamu za kichwa za Abe Isoo, mwasisi wa timu ya Waseda, na kocha Tobita Suishu ziko hapo nje. Mahali palepale wanafunzi wanapoazima vitabu ndipo ulipochezwa mchezo wa Oktoba 16, 1943.

Mchezo huo unahitaji maelezo. Aprili 1943 Wizara ya Elimu iliivunja ligi ya vyuo vikuu sita vya Tokyo. Mwanzoni mwa Oktoba serikali ikafuta msamaha uliokuwa ukiwazuia wanafunzi wa vyuo kuandikishwa jeshini, na waliobaki salama ni wale wa sayansi na ufundi. Wachezaji wa Keio walimwendea rais wa chuo chao, Koizumi Shinzo, wakaomba mchezo mmoja wa mwisho dhidi ya Waseda. Alikubali. Mwanawe mwenyewe, afisa wa jeshi la majini, alikuwa ameuawa mwaka mmoja kabla. Upande wa Waseda uongozi wa chuo ulikataa, ukiogopa lawama za serikali na mkusanyiko mkubwa wa watu wakati wa vita. Tobita na watu wa timu walishikilia msimamo, ukapatikana mchezo bila uongozi wa chuo kuridhia kwa moyo. Ndiyo sababu haukuchezwa Jingu, uwanja mkubwa wa ligi, ila hapa kwenye uwanja wa mazoezi wa Waseda.

Waseda walishinda 10 kwa 1. Pengo hilo lina sababu yake. Wachezaji wa Waseda waliendelea kukaa bwenini na kufanya mazoezi baada ya ligi kuvunjwa, ilhali wengi wa Keio walikuwa wamekwisha kurudi makwao na walikusanywa siku chache kabla. Koizumi alikataa kiti cha heshima akakaa na wanafunzi wake. Mchezo ulipokwisha, kila upande uliimba wimbo wa chuo cha mwenzake.

Miongoni mwa waliocheza siku ile upande wa Waseda ni Kondo Kiyoshi, kijana aliyetoka sekondari ya biashara ya Gifu. Safari hii itakutana naye tena kusini.

Mchana nenda Sendagaya, kwenye Uwanja wa Taifa. Oktoba 21, siku tano tu baada ya mchezo, wanafunzi wapatao 25,000 waliandamana hapa mvuani, bunduki begani, kuagwa kwenda vitani. Uwanja wa sasa ni mpya, wa zamani ulikwisha kubomolewa. Uwanja wa besiboli wa Jingu, uliofunguliwa 1926, uko jirani na bado unatumika na ligi ya vyuo. Ukiwa na saa mbili za ziada pita Chidorigafuchi, karibu na kasri ya mfalme. Hapo, tangu 1959, yamehifadhiwa mabaki ya watu zaidi ya 370,000 waliofia ng'ambo na hawakutambuliwa. Hakuna majina, na kuingia ni bure. Kwa ndugu wengi wa wachezaji wa ridhaa, hapa ndipo mahali pa karibu zaidi na kaburi.

Agosti 14. Treni kwenda Osaka

Siku ya kusafiri. Katikati ya Agosti ni Obon, Wajapani wanaporudi makwao kuwakumbuka marehemu, na treni hujaa kupita kiasi. Treni za kasi za Nozomi wakati huu hazina mabehewa ya kukaa bila kuweka nafasi. Tiketi zinaanza kuuzwa mwezi mmoja kabla, na asiyenunua mapema atasimama. Mwenye pasi ya watalii ya reli aelewe kwamba Nozomi inamdai nyongeza, ila Hikari haimdai. Kwa Nozomi, Tokyo hadi Shin-Osaka ni kama saa mbili na nusu.

Baada ya Nagoya reli inapita mkoa wa Gifu. Sekondari ya biashara ya Gifu ilitwaa ubingwa wa kiangazi 1936, mrushaji wao akiwa Matsui Eizo, bingwa wa mpira unaokata na kushuka ghafla. Alikwenda Waseda, akauawa Uchina 1943. Usishuke Gifu bila ya kuwa umeandikiana na shule mapema, kwa kuwa hii ni wiki ya likizo na utakuta lango limefungwa.

Agosti 15. Koshien

Wasomaji wa Dar es Salaam wanalijua jina hili kupitia mashindano ya shule ya Tanzania Koshien. Uwanja wenyewe uko Nishinomiya, kati ya Osaka na Kobe, na ulifunguliwa Agosti 1, 1924. Unafikiwa kwa treni za Hanshin kutoka Umeda, karibu robo saa kwa zile za haraka. Hanshin ni kampuni ya binafsi, pasi ya reli ya JR haifanyi kazi hapo.

Tiketi zote huuzwa kabla kwa njia ya mtandao, viti vikiwa na namba. Usije ukitegemea dirisha la tiketi. Chagua kiti cha ndani chini ya paa, kwa sababu joto la Nishinomiya mwezi huu hufika nyuzi 35 na viti vya nje havina kivuli. Majukwaa ya pembeni yaitwayo Alps ni ya wafuasi wa shule zinazocheza. Chupa za kioo na makopo haviingii. Wauzaji hupita na kachiwari, barafu iliyopondwa ndani ya mfuko wa plastiki, ambayo kwanza unaiweka shingoni, ikiyeyuka unaikunywa.

Uwe kitini saa sita kasorobo. Saa sita mchana kamili, saa ileile mfalme alipotangaza redioni 1945 kwamba vita vimekwisha, mchezo husimamishwa hata kama kuna wakimbiaji njiani. Wachezaji husimama walipo na kuvua kofia, watazamaji wote huinuka, king'ora hulia kwa dakika moja. Kisha mwamuzi anaita na mchezo unaendelea palepale ulipoachwa. King'ora hichohicho hulia pia mwanzo wa kila mchezo, kwa hiyo mgeni aliyechelewa asikichanganye. Mvua ikiahirisha michezo ya siku hiyo, umekosa hadi mwaka ujao. Hakuna njia ya kujikinga na hilo.

Paa ulilokalia chini yake lina historia. Kabla ya vita lilikuwa la chuma, na mwaka 1943 liling'olewa na kutolewa kwa jeshi. Sehemu ya uwanja ililimwa viazi vitamu, sehemu ikaegeshwa malori. Agosti 1945 mabomu ya moto yaliuunguza. Mashindano ya kiangazi yaliporejea 1946 yalichezwa uwanja mwingine wa Nishinomiya, kwa kuwa Koshien ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Marekani.

Ndani kuna jumba la historia ya uwanja, nalo linastahili saa nzima. Tafuta habari za kiangazi cha 1942. Mashindano rasmi yalikuwa yamesimamishwa, wizara ikaandaa yake yenye maagizo ya kijeshi: mpigaji hakutakiwa kuukwepa mpira unaomjia mwilini, na kubadilisha wachezaji kulizuiwa. Mrushaji aliyeumia bega aliendelea kurusha. Tokushima Shogyo waliwashinda Heian 8 kwa 7 katika fainali, na ushindi huo hauhesabiwi katika orodha ya mabingwa hadi leo. Vijana wale walistahili kuhesabiwa. Kwa baadhi yao hayo ndiyo yalikuwa mashindano pekee ya Koshien maishani.

Agosti 16. Wakayama

Kutoka Tennoji njia ya Hanwa inakufikisha Wakayama kwa muda wa zaidi kidogo ya saa moja. Unayemtafuta hapa ni Shima Seiichi, na shule ya kuuliza ni Koyo. Zamani iliitwa Sekondari ya Kaiso. Iko mtaa wa Ota, mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo kikuu cha JR.

Shima alizaliwa Desemba 1920. Alirusha kwa mkono wa kushoto. Kipaji kilikuwepo tangu mwanzo, tatizo lilikuwa wasiwasi: akianza kutoa mipira minne ya nje mfululizo alishindwa kujituliza, na michezo ambayo Kaiso walikuwa karibu kushinda ikawaponyoka. Agosti 1939 yote hayo yaliisha. Kaiso walicheza mara tano Koshien na Shima akarusha michezo yote mitano mwanzo hadi mwisho, awamu 45, bila kufungwa hata pointi moja. Wapinzani walipata mapigo salama, yaani yale yanayomfikisha mpigaji kituoni, manane tu katika michezo mitano yote. Wapigaji 57 walitolewa kwa kukosa mara tatu.

Nusu fainali dhidi ya Shimada Shogyo ilikwisha 8 kwa 0, na fainali dhidi ya Shimonoseki Shogyo 5 kwa 0. Katika michezo hiyo miwili, siku mbili mfululizo, hakuna mpigaji hata mmoja aliyepata pigo salama. Ili kupima uzito wake: fainali ya kiangazi bila pigo salama haikuonekana tena hadi Matsuzaka Daisuke wa Yokohama mwaka 1998, miaka 59 baadaye. Na kwa nusu fainali na fainali pamoja, Shima yuko peke yake.

Akaingia Chuo Kikuu cha Meiji. Mwaka 1943 akachukuliwa na jeshi la majini pamoja na wanafunzi wenzake, akapangiwa meli ya kusindikiza namba 84. Meli hizi za daraja lake zilijengwa haraka haraka, urefu wa mita 69 hivi, mwendo wa maili 17.5 za bahari kwa saa. Zilipewa mitambo ya mvuke kwa kuwa injini za dizeli hazikutosha. Machi 1945 ilikuwa ikisindikiza msafara wa HI-88J kutoka Singapore kurudi Japani. Misafara ya wakati huo ilijibana na pwani ya Indochina ili nyambizi zisiweze kuwazunguka upande wa nchi kavu. Mbinu hiyo iliwaponza, maana njia ikawa moja na inajulikana, ndege za Marekani zikiwaona mchana na nyambizi zikiwasubiri mbele. Machi 29, nyambizi ya Marekani Hammerhead iliizamisha namba 84. Shima alikuwa na miaka 24. Alitangazwa kuwa mmoja wa magwiji wa jumba la besiboli la Tokyo mwaka 2008.

Shule ina mkusanyiko wa vitu vya timu ya zamani, lakini ni shule, si jumba la watalii. Andika barua angalau wiki tatu kabla, kwa Kijapani, ukitaja jina lako, sababu ya kuja, siku na saa, na jina la mchezaji kwa herufi zake. Wiki ya Obon ofisi nyingi za shule hufungwa, hivyo ukikataliwa tarehe 16 omba siku nyingine na ubadilishe ratiba yako, usiwalazimishe. Kupiga picha wanafunzi mazoezini bila ruhusa ni kosa. Uwanja unaonekana kutoka barabarani, na hilo halihitaji kibali.

Agosti 17. Kuelekea Kagoshima

Shin-Osaka hadi Kagoshima-Chuo ni kama saa nne kwa treni ya Mizuho au Sakura. Lala Kagoshima. Majivu ya volkano ya Sakurajima huanguka upepo ukigeuka, funika kamera.

Agosti 18. Kanoya

Hapa wengi hupotea. Wakisikia marubani wa kujitoa mhanga wanakwenda Chiran, ambako kuna jumba kubwa na mabasi ya watalii. Chiran ilikuwa kambi ya jeshi la nchi kavu. Wachezaji wengi wa vyuo waliingia jeshi la majini, na kambi yao kubwa ilikuwa Kanoya, upande wa pili wa ghuba, kwenye rasi ya Osumi. Marubani 908 wa kujitoa mhanga waliondokea hapo.

Kanoya haina treni tangu 1987. Panda basi la moja kwa moja kutoka Kagoshima-Chuo, linalovuka na kivuko, karibu saa mbili. Au nenda bandari ya Kamoike, vuka hadi Tarumizu kwa dakika 40 hivi, kisha panda basi la kawaida. Chukua karatasi ya namba unapoingia, ulipe unaposhuka kwa kuangalia namba yako kwenye ubao wa mbele. Beba sarafu na noti za yeni 1,000. Usitegemee kadi ya usafiri ya Tokyo.

Jumba la historia la kambi liko ndani ya eneo la jeshi la majini la sasa na kuingia ni bure. Nje imeegeshwa ndege kubwa ya majini ya injini nne, ya mwisho ya aina yake iliyobaki duniani. Ghorofani kuna ndege ya Zero iliyotengenezwa upya, na kuta za picha na barua. Kwenye kuta hizo mtafute Ishimaru Shinichi, mrushaji wa Nagoya aliyeshinda michezo 20 mwaka 1943. Na usimwache Honda Koichi, aliyechezea Chuo Kikuu cha Hosei. Mei 11, 1945, kabla ya kuruka, Ishimaru alimrushia Honda mipira kumi, Honda akidaka na kuita kila mmoja kuwa sahihi. Mwandishi Yamaoka Sohachi, aliyekuwa kambini kuandika habari za jeshi la majini, alishuhudia. Ishimaru akaondoka na ndege yake ikiwa na bomu la kilo 500. Honda aliondoka siku chache baadaye, naye hakurudi.

Habari hii husimuliwa kama ya Ishimaru peke yake, kwa sababu yeye ana takwimu na jina lake liko kwenye jiwe la Tokyo. Mdakaji hutajwa kama "rafiki". Anayeandika juu ya tukio hili alitaje jina la Honda na la chuo chake.

Mnara wa kumbukumbu uko kilimani, bustani ya Kozuka, umbali wa teksi fupi kutoka jumbani.

Agosti 19. Uwanja wa ndege wa Kagoshima

Basi kutoka Kanoya hadi uwanja wa ndege wa Kagoshima huchukua zaidi kidogo ya saa moja na nusu. Uwanja huu wa abiria umejengwa mahali palipokuwa kambi ya pili ya Kokubu ya jeshi la majini. Kutoka hapa Kondo Kiyoshi, aliyecheza Totsuka ile Oktoba ya 1943, aliondoka Aprili 28, 1945 kuelekea Okinawa na ndege ya kushambulia kwa kupiga mbizi. Ilikuwa aina ya zamani, yenye magurudumu yasiyokunjika, mwendo wake mdogo mno mbele ya ndege za kivita za Marekani. Kufikia mwaka ule vikosi vya mafunzo havikuwa na nyingine ya kuwapa.

Jiwe la kumbukumbu la kambi liko bustani ya Uwatoko, juu ya kilima upande wa uwanja wa ndege. Hakuna basi la kutegemewa, chukua teksi kutoka jengo la abiria na umwombe dereva akusubiri. Tenga saa moja na nusu kabla ya muda wa kukabidhi mizigo.

Orodha za vyuo za waliokufa ziko kwenye vyama vya wahitimu wa timu, si kambini. Kwa Kondo waandikie Waseda, kwa Honda waandikie Hosei, na weka herufi za majina kama ulivyozinakili Tokyo.